Kitambaa cha Mpambaji

Haya jamani, mkao uko sawa?
— Uko sawa!
Masikio mmeyafungua?
— Tumeyafungua!
Na midomo?
— Tumeifunga!
Waongo. Nawasikia mnatafuna karanga mpaka huku. Tafuneni polepole basi. Ngano naileta.
— Ilete tuione!
Naiweka hapa katikati.
— Iweke!

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Kivumoni. Mji mdogo, maneno mengi. Na katika mji huo palikuwa na mpambaji wa maharusi, mmoja tu, jina lake Mize.

Kazi yake hina. Anachuma majani ya mhina, anayakausha, anayatwanga, anayachekecha, anayakanda kwa maji ya ndimu. Kisha anachukua kijiti cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, chembamba kama unywele wa mbuzi, anachovya, anachora. Mikono mpaka viwikoni, miguu mpaka magotini. Hina inakauka juu ya ngozi, inabanduliwa, na rangi inabaki. Siku ya kwanza rangi ya chungwa. Siku ya tatu nyekundu ya kuiva, mpaka bwana harusi anasahau jina lake.

Na Kivumoni walikuwa na sharti lao. Kila mji una vyake, msiniulize mimi. Sharti lilikuwa hili: mchoro haurudiwi. Ua alilochorwa binti huyu, binti yule halichorwi. Kila bibi harusi na mchoro wake, ambao haujapata kuonekana tangu dunia iumbwe. Na bibi harusi ambaye jua la Alhamisi limezama mikono yake mitupu, Ijumaa havuki kizingiti cha kwao. Harusi yake inalala mwaka mzima. Mwaka mzima! Wewe dada unayecheka hapo, ungengoja?

Mize alirithi kazi kwa marehemu mama yake, na alirithi vitu vitatu: kibakuli cha udongo, kijiti cha chelewa, na kitambaa cha kufutia, kipande cha kanga kuukuu kilichogeuka rangi ya kutu. Mama alimwambia, "Ukikosea, futa upesi kabla hina haijashika." Basi Mize akachora. Maharusi kumi. Maharusi mia. Maharusi mia tatu na kitu, na mchoro haukurudi hata mmoja.

Halafu akaolewa binti wa liwali.

Lo! Siku hiyo Mize alichora mpaka mwenyewe akaogopa. Wanawake walipanga foleni kuitazama mikono ya bibi harusi, wakamsahau bwana harusi mlangoni na jasho lake. Mama yake liwali, mwanamke asiyesifu hata pilau, akaikamata mikono ile, akaitazama, akasema, "Mize, hapa umefika. Zaidi ya hapa hakuna."

Yeye alidhani anasifu. Mize alicheka, akashukuru, akaenda nyumbani. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Zaidi ya hapa hakuna. Akila, hakuna. Akilala, hakuna. Akishika kijiti, hakuna.

Na harusi iliyofuata ilikuwa ya nani? Haya, bahatisheni.
— Ya nani?
Ya mwanawe! Radhia, binti yake wa pekee, aliyemlea peke yake tangu baba mtu alipofariki. Radhia amechumbiwa na Shaali, fundi wa vitanda, kijana mwenye haya na mikono mizuri. Wanapendana mpaka wanachosha. Na harusi ni Ijumaa ijayo.

Jumamosi Mize akaamka mapema, akakanda hina, akaenda bustanini. Akaiangalia asumini, akauangalia mkilua, akauangalia mrehani. Akarudi, akakunja mkono wa nguo, akajaribu kwanza kwenye mkono wake wa kushoto, ndivyo wapambaji wafanyavyo. Akachora ua. Akalitazama. "Hili la binti Mwinyikai." Akakamata kitambaa. Fyuu, akafuta. Akaimba:

Mkono wangu, mkono wee,
nilikulisha, nikakuvika,
leo waniacha na nani?
Itikieni!
— Mkono rudi, rudi wee!

Haukurudi.

Jumapili maji yalipokupwa akashuka ufukweni. Akatazama nyayo za kaa mchangani, akatazama migongo ya kauri, madoa kwa madoa. Akarudi, akachora. Akatazama. "Haya niliyachora mwaka wa mvua nyingi, na niliyachora vizuri zaidi." Fyuu, akafuta. Akaimba:

Mkono wangu, mkono wee,
nilikulisha, nikakuvika,
leo waniacha na nani?
— Mkono rudi, rudi wee!

Haukurudi.

Jumatatu akasema, "Kumbe tatizo ni kuona mengi." Akafunga mlango, akafunga madirisha, akakaa asione chochote cha kumchanganya. Akachora mstari mmoja. Kabla mstari haujafika popote, akauona kuwa mbaya. Fyuu! Akachora wa pili. Fyuu! Akachora wa tatu, na huu aliufuta angali anauchora, kijiti mbele, kitambaa nyuma. Mwajua hina haikubali kuchezewa. Ukiifuta mbichi inaacha doa lisilo na sura. Ilipofika jioni mkono wake wa kushoto ulikuwa wa manjano mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyekanda bizari. Akaimba:

Mkono wangu, mkono wee,
nilikulisha, nikakuvika,
leo waniacha na nani?
— Mkono rudi, rudi wee!

Wapi.

Jumanne hakugusa kijiti. Alikaa jikoni na kibakuli mapajani. Radhia akaja, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa ameificha mikono ndani ya kanga, ili mama asiione.

"Mama, nitangoja mwaka," akasema. "Shaali naye atangoja."

"Amesema?"

"Hajasema. Lakini atangoja."

Mize akamtazama mwanawe usoni, akaona macho yamevimba. Alikuwa amelia mahali, kimya kimya, asimtie mama yake majonzi. Mize akaona haya mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, na haya hiyo ilimuuma kuliko yote.

Sasa sikilizeni. Jumatano, jua likiwa la saa tatu, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Bibi harusi."

Mize akafungua. Mlangoni amesimama ajuza, mgongo umepinda, nguo safi, udi unanukia, fimbo mkononi. Macho ameyafumba, kope zimekaza. Hakuwahi kumwona Kivumoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Bi Mwaka, natoka shamba. Nishike mkono, sioni. Nimekuja kupambwa. Naolewa."

Mize hakujua acheke au afanyeje. "Unaolewa na nani, bibi?"

"Hilo mpambaji anauliza tangu lini?"

Akashikwa mkono, akaingizwa ndani. Akapapasa kwa fimbo, akapapasa mkeka, akazunguka kidogo, akakaa mahali alipopataka yeye. Akanyoosha mikono yote miwili. "Haya."

"Bibi, nisamehe. Sina mchoro. Zimepita siku nne, mkono wangu umekufa. Mwanangu mwenyewe anaolewa Ijumaa, na sina hata nukta ya kumpa."

"Pole, mwanangu. Lakini mimi ni kipofu. Nichore kuku, nichore sufuria, nitajuaje? Hakuna wa kukusuta hapa. Chora, mikono inachoka."

Mize akacheka. Tangu Jumamosi hakuwa amecheka. Akaketi, akasogeza kibakuli, akaukamata mkono wa kulia wa ajuza, akauweka gotini pake. Akachovya kijiti. Akakileta karibu na ngozi. Kikasimama hewani. Hakuna. Kama juzi.

Ndipo, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akautazama ule mkono.

Maharusi wake wote walikuwa wasichana, mikono laini, mitupu kama karatasi. Huu haukuwa mtupu. Mikunjo ilikuwa ikipita juu ya mikunjo, inapanda, inagawanyika, inakutana tena mbele. Mishipa imeinuka, ya kijani chini ya weusi. Kwenye kila kifundo cha kidole palikuwa na duara ndani ya duara ndani ya duara. Hakuna aliyeichora mistari ile. Ilikuwepo tu, mingi isiyohesabika, na hakuna mmoja uliofanana na mwenziwe. "Subhanallah," akasema Mize.

Akagusa kovu refu chini ya kidole gumba. "Hapa pana nini, bibi?"

"Mbuzi ya nazi. Nilikuna nazi sitini asubuhi moja, kwenye harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya watu."

Kijiti kikagusa kovu. Kikalifuata, polepole, kikaliacha penye mwisho wake, kikaenda mbele.

"Na hapa?" Ilikuwa alama ya moto juu ya kiganja, imeng'aa kama ganda la kitunguu.

"Ukingo wa sufuria ya pilau. Harusi vilevile."

"Ya nani?"

"Ya watu."

Kijiti kikaizunguka alama ya moto, mara moja, mara mbili, kikatoka nje yake na majani madogo madogo.

"Na hivi vidole vya mbele, mbona vigumu ncha zake?"

"Sindano. Nimeshona nguo za maharusi mpaka sijui ngapi."

"Maharusi gani, bibi?"

"Wa watu, mwanangu. Chora."

Mize akachora. Jamani, sijui niwaelezeje. Jua lilikuwa mlangoni, likatambaa mpaka kwenye mtungi, likapanda ukutani, naye hajui. Mkunjo unamwambia pita huku, anapita. Mshipa unamwambia ngoja, anangoja. Mkono wa kulia ukaisha, akashika wa kushoto. Akafika kwenye kiwiko, akasita. Mstari mmoja umepinda! Mkono wake ukaruka kutafuta kitambaa, hapa pembeni, pale kilipokuwa daima.

Hakuna kitambaa.

Akapapasa huku, akapapasa kule. Hakuna. Na hina haingoji, inakauka. Akautazama ule mstari uliopinda, akakuna kichwa, akaupindisha tena upande wa pili, ukawa ndio mzuri kuliko yote. Akaendelea. Mara ya pili akatafuta kitambaa, hakuna, akaendelea. Mara ya tatu hakukitafuta. Na bila kujijua akawa anaimba, lakini wimbo umegeuka:

Mkono wangu, mkono wee,
ulikuwa wapi siku zote,
ulikuwa wapi mwenzangu?
Itikieni!
— Nilikuwepo, nilikuwepo!

Alipomaliza alikaa akitweta. Wakangoja hina ikauke. Ikakauka, ikapasukapasuka. Mize akaikwangua kwa mgongo wa kisu, akapaka mafuta ya nazi. Rangi ikatokea. Mize alikuwa hajawahi kuchora kitu kama kile, na hakujua kimetoka wapi.

"Laiti ungeona, bibi," akasema.

Bi Mwaka akafumbua macho.

Ndiyo! Akayafumbua, pa! Macho maangavu, makali, mazima. Akanyanyua mikono, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa dirishani. "Lile kovu la nazi, hilo," akanong'ona. "Na sufuria yangu, hiyo." Machozi yakamshuka mpaka kidevuni, asiyafute, asije akaharibu mkono.

"Unaona!" Mize akapiga kelele.

"Naona tangu nizaliwe. Uzi wa sindano natia mwenyewe mpaka leo."

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya. Habari za mkono wako zimefika mpaka shamba. Ungejua naona, ungechora?"

Mize akaitazama tena ile mikono.

Ajuza akajisogeza kidogo mkekani, akaingiza mkono chini yake, akavuta kitu. Kitambaa! Alikuwa amekikalia tangu asubuhi. Haya, nyie mlionyamaza hapo, kipofu gani anajua pa kukalia? Hamkujiuliza. Hata Mize hakujiuliza.

"Nakijua hiki kitambaa," akasema Bi Mwaka. "Ulisema mkono wako umekufa siku nne. Wa mama yako ulikufa siku tisa."

"Mama yangu? Mama yangu hakushindwa hata siku moja."

"Hivyo ndivyo alivyokwambia, nawe ungemwambia nini mwanao? Nilikaa mbele yake kama hivi, nina miaka kumi na minane, nimenyoosha mikono. Akachora, akafuta. Akachora, akafuta. Mimi nilikuwa naona, mwanangu. Niliiona ile michoro. Wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa mzuri. Nilitaka kumwambia, mama, niachie huu huu, lakini bibi harusi hasemi. Akafuta mpaka jua la Alhamisi likazama."

"Ukangoja mwaka."

"Nikangoja. Aliyenichumbia hakungoja. Nikaenda shamba kwa kaka yangu, nikawapikia watu harusi zao."

Mize akaikamata mikono ile ya ajuza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Lakini ulisema unaolewa."

"Nilikuwa naolewa," akasema Bi Mwaka. "Ijumaa moja, miaka hamsini na sita iliyopita. Nimekuja kupambwa."

Akainuka, akaegemea fimbo. Akakikunja kitambaa mara nne, akakitia kifuani. "Hiki naondoka nacho," akasema. Mize hakumzuia.

Alhamisi, kulipopambazuka, Mize akamwita mwanawe. "Radhia, njoo. Niletee mikono."

Radhia akaitoa ndani ya kanga. Na Mize, aliyeiosha mikono ile, aliyeilisha, aliyeichapa siku ilipovunja mtungi, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kidole gumba kilichobaki chembamba mpaka leo kwa kunyonywa miaka minne. Alama ya kisu, siku alipojifunza kupara samaki. Doa la tetekuwanga karibu na kifundo, ambalo alilipulizia usiku kucha lisiwashe. Miaka kumi na tisa ilikuwa pale, mahali padogo vile, na yeye alikuwa akitafuta mchoro bustanini.

"Mama, mbona unalia?"

"Nyamaza. Bibi harusi hasemi." Kisha akajisahihisha. "La. Sema. Ukiupenda, niambie."

Akachora. Alikosea mara tatu, akatafuta kitambaa mara moja tu, kwa mazoea. Jua la Alhamisi lilipozama, mikono ya Radhia haikuwa mitupu.

Ijumaa watu wakajaa. Shaali yuko mlangoni, na jasho lile lile la mabwana harusi. Radhia akatoka chumbani, wanawake wakasogea waione mikono, nao wakanyamaza. Kivumoni kunyamaza, mwajua maana yake! Mama yake liwali akaja mbele, akaitazama, akafungua mdomo wake ule. Akaufunga. Hakuwa na la kusema, na mimi namshukuru.

Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na jiko, ajuza mmoja wa shamba akanyanyua mikono yake kumpungia bibi harusi. Kanga ikateleza mpaka mabegani. Hina ilikuwa imeiva siku tatu, nyekundu ya damu ya mzee, inapita kovu kwa kovu mpaka viwikoni. Wanawake wakageuka. Wazee miongoni mwao wakaitazama, wakamtazama uso, wakamkumbuka.

"Mwaka?" mmoja akasema. "Mwaka binti Haji?"

"Mimi."

Hakuna aliyeamrisha. Kigelegele kilianza kwa mmoja, kikashikwa na wa pili, kikashikwa na nyumba nzima. Radhia mwenyewe, juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akakipiga pia. Wakampigia ajuza vigelegele vyake, vile vilivyomngoja miaka hamsini na sita. Naye akasimama navyo, mikono juu, akicheka na meno yake mawili.

Hina yangu imekauka, jamani.
— Imekauka!
Ibandueni.
— Tumeibandua!
Mmeona rangi?
— Tumeiona!
Basi nendeni nayo, na aliyeona mstari umepinda, auache vivyo hivyo.
— Tumeuacha!